Coulomb, Bwana wa Msuguano

Najua kwamba ukifungua ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri katika gazeti la chama chetu, unatarajia kumkuta Dedan Kimathi, au Wangari Maathai, au yule mzee wa maskauti, Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko papa hapa Nyeri mjini. Hao wameandikwa na watu walionizidi kalamu, na bado wataandikwa. Mimi leo nimewaletea mgeni. Ni Mfaransa aliyefariki mwaka 1806, karibu miaka mia moja kabla ya mji wetu kuanzishwa mwaka 1902. Jina lake ni Charles-Augustin de Coulomb.

Wewe unayesoma Fizikia bila shaka umeshashtuka: kumbe ni yule wa umeme! Naam, ndiye. Lakini sikumchagua kwa sababu ya umeme. Nimemchagua kwa sababu ya kuteleza. Sisi watu wa Mlima Kenya tunajua kuteleza. Toka Othaya hadi Mukurwe-ini, toka Karatina hadi Naro Moru, masika yakianza barabara za udongo mwekundu huwa kama zimepakwa mafuta. Lori la majani chai linakwama, mkokoteni wa viazi unarudi nyuma na mwenyewe, na sisi wanafunzi wa kutwa tunaingia darasani kila kiatu kikiwa na uzito wa tofali. Sasa, mtu aliyekaa akapima kwa subira ni nini hufanya kitu kimoja kishikane na kingine, na ni lini kitaachia, ndiye huyu Coulomb.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1736 katika mji wa Angoulême, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Familia yake ilihamia Paris, na huko kijana akapata shule nzuri. Alihudhuria masomo ya hesabu ya mwalimu mmoja aitwaye Le Monnier, na tangu siku hizo hesabu zikamteka moyo. Nyumbani lakini mambo yaliharibika. Baba yake alitia pesa katika biashara za kubahatisha, pesa zikaenda na maji, akahamia mji wa Montpellier. Mama naye alikuwa na mpango wake: alitaka mwanawe awe daktari. Kijana akakataa, akasema ni hesabu tu. Wakagombana vibaya, na Coulomb akamfuata baba yake Montpellier bila kitu mfukoni.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii hunisumbua kidogo, maanake mwaka huu sisi wa kidato cha tatu tumechagua masomo ya mtihani, na mimi nimebaki na Fizikia. Mama angependa nifuate Biolojia na baadaye unesi, kazi ambayo yeye ameiona kwa macho na anajua ina mshahara. Fizikia anaiona ni ya wavulana. Darasani kwetu wasichana tuliobaki na somo hilo hatujazi madawati matatu. Simlaumu mama, kwa sababu yeye ndiye anayejua karo inatoka wapi. Wala siwaambii wenzangu wagombane na wazazi. Nasema tu kwamba Coulomb alipochagua njia yake alijua ina gharama, na gharama hiyo aliilipa mwenyewe, tena kwa miaka mingi, kama utakavyoona.

Huko Montpellier chama cha wanasayansi cha mji kilimpokea kama mwanachama mdogo mwaka 1757, akiwa na umri wa miaka 20. Ushike huo mji wa Montpellier, kwa sababu tutarudi huko mwishoni. Lakini hesabu peke yake haikumpa chakula. Mwaka 1760 akaingia chuo cha wahandisi wa jeshi katika mji wa Mézières, akamaliza mwaka uliofuata, akawa luteni. Wahandisi hao kazi yao ilikuwa kujenga ngome, bandari na barabara za mfalme.

Mwaka 1764 akapelekwa ng'ambo, katika kisiwa cha Martinique kule Karibi. Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa hicho mwaka 1762, na baada ya mkataba wa 1763 kikarudi kwa Wafaransa. Mfalme hakutaka kukipoteza mara ya pili, kwa hiyo akataka ngome kubwa juu ya kilima. Ngome hiyo iliitwa Fort Bourbon, na ipo hadi leo kwa jina la Fort Desaix. Coulomb, kijana wa miaka 28, ndiye aliyepewa jukumu la kuisimamia. Alikaa huko miaka 8. Aliugua mara nyingi, na afya yake haikurudi tena kama zamani.

Hapa nataka tusimame kidogo. Martinique ya wakati huo ilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa, na waliolima miwa hiyo walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa kama mbuzi wa soko la Karatina. Utumwa haukukomeshwa huko mpaka mwaka 1848. Coulomb aliishi katikati ya hayo yote, akala katika meza ya hayo yote. Vitabu vya Fizikia vinatuambia habari za kanuni zake, na watumwa wa kisiwa hicho havina nafasi nao. Mimi namheshimu Coulomb kwa akili yake, lakini nikitaja miaka 8 ya Martinique bila kuwataja wao, nitakuwa nimeandika nusu ya ukweli.

Tena kuna jambo moja la ajabu. Baadaye maishani Coulomb aliandika juu ya nguvu za mwili wa binadamu: mtu anayepanda ngazi na mzigo, mtu anayesukuma toroli, mtu anayelima. Aliuliza mzigo uwe wa kilo ngapi ili mwisho wa siku kazi iliyofanyika iwe kubwa zaidi. Ukimpa mtu mzigo mdogo, safari zinakuwa nyingi na faida ndogo. Ukimpa mzito mno, anachoka mapema na kukaa chini. Kati ya hizo mbili ndipo penye mzigo unaofaa. Kila ninapowaona akina mama wakipanda kilima na kuni mgongoni, kamba ikiwa imewaingia kwenye paji la uso, nakumbuka hesabu hiyo. Wao wanaijua bila kuiandika.

Turudi kwa ngome. Kilimani huko Martinique Coulomb alikutana na swali ambalo hata sisi wa milimani tunalo: ukichimba ubavu wa kilima, udongo utasimama au utaanguka? Na ukijenga ukuta wa kuuzuia, ukuta uwe mnene kiasi gani? Ukuta mwembamba utaua watu, na ukuta mnene kupita kiasi utamaliza pesa. Aliporudi Ufaransa mwaka 1772 alikuwa na daftari zimejaa. Mwaka 1773 akawasomea wakubwa wa Chuo cha Sayansi cha Paris andiko lake juu ya boriti, nguzo, kuta na matao, nalo likachapishwa mwaka 1776.

Alisema hivi kwa maana yake: udongo hushikiliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mshikamano, yaani ule unatanata wa udongo wenyewe. Cha pili ni msuguano wa chembe kwa chembe, na huo huongezeka kadiri uzito unaozibana chembe hizo unavyoongezeka. Kilima kikitaka kuanguka, kitavunjika pale ambapo vitu hivyo viwili vimezidiwa. Wahandisi wa leo bado wanaanzia hapo. Kilichoongezwa katika miaka ya 1920, na mtu aitwaye Karl Terzaghi, ni habari ya maji. Maji yakijaa katikati ya chembe huzisukuma zisibanane, na msuguano unapungua ingawa kilima hakijabadilika kwa macho. Ndiyo sababu kilima kilichosimama miaka hamsini kinaweza kushuka usiku mmoja wa mvua kubwa. Wazee wetu wa Nyeri na Murang'a wanaikumbuka mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, jinsi ilivyoleta maporomoko ya ardhi katika sehemu hizi. Mtu akikata miti mtelemkoni au akichimba matofali chini ya kilima, hatanii na mchanga tu, anatania na hesabu ya Coulomb.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1779 Coulomb alipelekwa Rochefort, bandari ya jeshi la majini. Wakati huo Chuo cha Sayansi kilikuwa kimetangaza zawadi kwa atakayeeleza vizuri msuguano katika mashine na ugumu wa kamba. Jeshi la majini lilihitaji jibu hilo sana. Meli ikimalizwa kujengwa hushushwa majini kwa kutelezeshwa juu ya mbao zilizopakwa mafuta. Ikikwama ni hasara, na ikishuka kwa fujo ni maafa. Coulomb akautumia uwanja wa kuundia meli kama maabara yake. Alitengeneza meza imara, akaweka juu yake kitu kama sleji ya mbao, akapakia uzito, akaivuta kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu na kuning'inizwa mawe. Akabadilisha mbao, akajaribu chuma na shaba, akajaribu pakavu na penye mafuta ya mnyama, akajaribu mzigo mdogo na mzigo mkubwa sana. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Bandu bandu huisha gogo.

Si yeye wa kwanza. Leonardo da Vinci alikuwa ameona mengi ya mambo hayo karibu miaka mia tatu mapema, ila daftari zake hazikuchapwa wakati wake. Amontons, Mfaransa mwingine, aliyaeleza mwaka 1699. Lakini Coulomb ndiye aliyepima kwa upana na kwa mizigo ya kweli. Aliyoyathibitisha ni haya. Msuguano huongezeka sawasawa na uzito unaobana: uzito mara mbili, msuguano mara mbili. Ukubwa wa eneo linalogusana haubadilishi sana. Kuanzisha mwendo ni kugumu kuliko kuuendeleza, na kitu kilicholala mahali kwa muda hushika zaidi kuliko kilichowekwa sasa hivi. Na kitu kikishaanza kuteleza, mwendo wa haraka au wa polepole hauleti tofauti kubwa.

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Una gunia la viazi la kilo 50 sakafuni. Uzito wake ni kama niutoni 500. Tuseme msuguano wa gunia na sakafu ni 0.4 ya uzito kabla halijasogea. Basi sakafu inaweza kulishika kwa niutoni 200, wala si zaidi. Ukisukuma kwa niutoni 120, gunia linakaa pale pale, na sakafu inajibu kwa 120 kamili. Ukisukuma kwa 180, inajibu kwa 180. Umeona ujanja huo? Msuguano wa kitu kilichotulia hauna kiasi kimoja. Hujibu kadiri unavyochokozwa, mpaka ufike mwisho wake. Ukifika 201, gunia linaachia, na ghafla linakuwa jepesi kuliko ulivyotarajia, hata unaweza kuanguka nalo. Kila aliyewahi kusukuma mkokoteni uliokwama analijua jambo hilo kwa mabega yake.

Mfano wa pili ni wa matatu. Nimepiga hesabu hii mwenyewe, na mwalimu akaikagua. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, ni mita 20 kila sekunde. Dereva akikanyaga breki mpaka magurudumu yashikwe kabisa, na barabara kavu ikishika kwa 0.7, gari litasimama baada ya mita kama 29. Mvua ikinyesha na mshiko ukashuka hadi 0.4, litahitaji mita 50. Hizo ni mita baada ya mguu kufika kwenye breki, hatujahesabu muda wa dereva kushtuka. Punguza mwendo uwe nusu, yaani kilomita 36 kwa saa, na hapo penye maji litasimama kwa mita 12 na nusu. Nusu ya mwendo ni robo ya umbali! Wale makanga wanaomhimiza dereva akimbie kwenye mtelemko wakati wa mvua ati abiria wamechelewa, waambiwe hesabu hii. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Andiko hilo la msuguano lilimpa Coulomb zawadi mwaka 1781, na mwaka huo huo akachaguliwa kuingia Chuo cha Sayansi, akahamia Paris moja kwa moja. Alikuwa na miaka 45. Hesabu miaka tangu agombane na mama yake uone alisubiri kiasi gani.

Paris ndiko alikofanya ile kazi ya umeme. Alining'iniza kijiti kwa waya mwembamba, na kwa kuangalia waya unavyojisokota akaweza kupima nguvu ndogo mno. Kwa mizani hiyo, mwaka 1785, akaonyesha kwamba nguvu kati ya chaji mbili hupungua hadi robo ukiongeza umbali mara mbili. Mwaka 1881, miaka 75 baada ya kifo chake, mkutano wa wanaumeme wa dunia uliofanyika Paris ukakipa kipimo cha chaji jina lake. Jina lake limeandikwa pia kwenye mnara wa Eiffel pamoja na ya wataalamu wengine 71.

Mwaka 1789 mapinduzi yakalipuka Ufaransa. Coulomb aliacha jeshi mwaka 1791. Mwaka 1793 Chuo cha Sayansi kikafungwa, naye akaondoka Paris na rafiki yake Borda wakaenda kuishi karibu na mji wa Blois. Ilikuwa busara, kwa sababu Lavoisier, yule wa Kemia, alibaki na mwaka 1794 akakatwa kichwa. Mambo yalipotulia Coulomb alirudi, akawekwa katika taasisi mpya ya wanasayansi mwaka 1795. Miaka yake ya mwisho, tangu 1802, alikuwa mkaguzi wa elimu, akisaidia kuanzisha shule za sekondari za Ufaransa. Naona hilo ni jambo zuri: mtu aliyenyimwa njia na mama yake alimaliza maisha akiwafungulia njia watoto wa wengine. Alifariki Paris tarehe 23 Agosti 1806.

Sasa utaniuliza, mbona ninamhangaikia mzee huyo wakati kompyuta zipo? Sikiliza basi. Siku hizi mhandisi akitaka kujua kama breki itashika, kama mkono wa roboti utaangusha yai, au kama kilima kitaporomoka, haanzi kwa kujenga. Anaiga kwanza kwa hesabu ndani ya kompyuta. Anaupasua muda vipande vidogo, pengine elfu moja katika sekunde moja, na katika kila kipande kompyuta inahesabu nguvu, inasogeza vitu kidogo, halafu inahesabu tena. Kwa sayari na risasi jambo hilo ni rahisi. Lakini vitu vikigusana na kugongana, kompyuta inatoka jasho, na anayeitoa jasho ni Coulomb.

Kwanza, si tumeona kwamba msuguano wa kitu kilichotulia unaweza kuwa wowote kati ya sifuri na mwisho wake? Kompyuta inataka namba moja, nao msuguano unampa namba nyingi. Pili kuna migongano. Chukua mpira uuangushe kutoka mita 1, na kila ukidunda urudi na nusu ya mwendo wake. Utapanda sentimita 25, halafu 6 na robo, halafu chini ya 2, na kuendelea. Kwa hesabu utadunda mara zisizo na idadi, na mara hizo zote zitaisha ndani ya sekunde 1 na theluthi hivi! Kompyuta inayosimama kuhesabu kila mdundo haitamaliza mpaka kiama. Tatu, mwaka 1895 Paul Painlevé, mtaalamu wa hesabu ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Ufaransa, alionyesha kwamba fimbo ngumu inayoteleza kwa kanuni ya Coulomb inaweza kukufikisha mahali ambapo hesabu haina jibu kabisa, au ina majibu mawili. Usifikiri ni mambo ya mbali. Mwalimu akisukuma chaki ubaoni kwa kuielekeza mbele, inarukaruka na kuacha alama za nukta nukta. Wataalamu huutaja mfano huo wanapozungumzia fumbo la Painlevé.

Aliyesaidia sana kutoka katika kichaka hiki ni Jean Jacques Moreau, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki 2014. Njia yake haikuvizia kila mgongano. Alichukua kipande cha muda kizima, akauliza ni vitu gani vimegusana ndani yake, halafu akatafuta mabadiliko ya mwendo yatakayotimiza masharti mawili kwa pamoja: kitu kisiingie ndani ya kingine, na msuguano usivuke mpaka wa Coulomb. Midundo mia ikitokea katika kipande kimoja, inajumlishwa kama mshindo mmoja. Kwa njia hiyo na nyinginezo, kama ile ya Cundall na Strack ya mwaka 1979, watu leo wanaiga maelfu ya chembe za mchanga, nafaka zinavyoshuka ghalani, na mawe yanavyoporomoka mlimani. Na je, unajua Moreau alikuwa profesa wapi? Montpellier! Ni mji ule ule ambao Coulomb aliufikia hana kitu, miaka zaidi ya mia mbili kabla.

Si kwamba Coulomb alijua kila kitu. Alidhani nyuso zinashikana kwa sababu ya vijimeno vinavyoingiliana kama nywele za brashi mbili. Karne ya ishirini ikaonyesha kwamba vitu viwili hugusana kwa kweli katika nukta chache tu, na nukta hizo hubanwa mpaka zikashikana zenyewe. Mzigo ukiongezeka, nukta huongezeka. Kwa hiyo maelezo yake yalibadilishwa, vipimo vyake vikabaki. Mimi hili limenifunza jambo kubwa kuliko kanuni yenyewe: ukipima kwa uaminifu, waliokuja nyuma yako wanaweza kukusahihisha bila kukutupa.

Wenzangu, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri, na uhandisi unafundishwa humo. Barabara zetu zina mitelemko, mashamba yetu yana mitelemko, na nyumba nyingi zimejengwa pale ambapo udongo ukiachia hakuna pa kukimbilia. Kazi ya kuhesabu vilima hivi haiwezi kuachiwa wageni peke yao. Ndiyo maana niliandika makala haya kwa Kiswahili na si kwa lugha ya kitabu cha Fizikia: nilitaka mama ayasome. Ameyasoma yote. Amesema ile hesabu ya matatu imemwingia, na kwamba bado anataka kuniona nikiwa nesi. Nimemwambia Fizikia ina mtihani mwezi wa kumi na moja mwaka ujao, tungoje tuone.